Kidonge cha Daku

Sista Benta aliwapanga wanaume kwenye benchi mbili. Wenye pumu walikaa upande wa ukuta, wenye mafua ya mzio upande wa dirisha, akawaonya wasibadilishane viti kwa sababu ya soga. Wote walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja, kile cha kusaga omena, visamaki vya ziwani, viwe chakula cha kuku, ukishapita Otonglo kuelekea Kisian, na wote walinuka omena kwa harufu ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa nayo zamani. Mbarak alikaa upande wa ukuta. Mkewe Zeituni alisimama mlangoni na mkoba wake, maana hakuna aliyefikiri kwamba mwanamume angekuja na mke.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa tisini na tatu, na jua la Kisumu lilikuwa limeamka na ugomvi wake. Chumba hicho cha nyuma ya hospitali kilikuwa kimeazimwa na watafiti waliokuja na masanduku yao kutoka mbali. Walitaka kujua jambo moja tu. Kifua chepesi kujifunga hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza, mtu huvutishwa mvuke wa dawa inayobana, kidogo kidogo, mpaka kifua kikatae. Ya pili, hukimbizwa, kisha akapuliza bomba lenye mshale ili ionekane pumzi imepungua kiasi gani. Ya mvuke inataka mashine ya bei kali. Ya mbio inataka miguu. Basi walikuwa wakizilinganisha, mtu yule yule kwa njia zote mbili, wenye pumu na wenye mzio, waone kama hospitali zisizo na kitu zinaweza kutegemea miguu.

Hayo yalikuwa yao. Waliokaa kwenye benchi walikuwa na lao. Tajiri wa kiwanda, baada ya msagaji mmoja kuanguka kwenye vumbi na kufa kabla ya kufikishwa barabarani, alikuwa amekubali kwamba atakayeonekana na madaktari hawa kuwa na pumu ataondolewa ndani, apewe kazi ya getini au ya kupokea magunia uwanjani, na dawa ya kuvuta iwe juu ya kiwanda. Asiyeonekana nayo atabaki alipo. Mbarak alikuwa msagaji. Zeituni, ambaye alikuwa amelala kando ya filimbi ya kifua kile tangu aolewe, alilitaka geti lile kuliko alivyowahi kutaka nyumba yake mwenyewe.

Na mpaka asubuhi hiyo mambo yalikuwa yakienda vizuri. Kabla ya mwezi kuandama Mbarak alipimwa kwa mvuke, na kwa kipimo kidogo tu, ambacho wengine walikivuta wakiwa wanacheka, kifua chake kilijifunga mpaka Benta akamkimbilia na dawa ya kufungua. Zeituni alilia siku hiyo, lakini ndani ya kilio kulikuwa na furaha. Ilibaki mbio tu.

*

Sasa yafaa ijulikane alichokuwa akikifanya Zeituni jikoni.

Ramadhani ya mwaka uliotangulia ilimshinda Mbarak. Alifunga siku chache, akala siku nyingi, na siku moja jirani akamkuta nyuma ya choo anameza vidonge kwa maji ya kopo saa nane mchana. Mgonjwa haombi ruhusa ya kula, dini yenyewe imemruhusu, na imamu wa msikiti wao alimwambia hivyo kwa upole. Lakini Manyatta ni mtaa wenye midomo mingi. Mama yake Mbarak, Bi Zamzam, ambaye ndiye mwenye nyumba, aliacha kwenda kufuturu kwa majirani kwa sababu ya aibu. Basi mwaka huu, siku ya kuandama mwezi, Mbarak alimkabidhi mkewe chupa ya vidonge vyake vya kufungua kifua. Alisema aviweke mbali, atafunga kwa nguvu za Mungu na si za duka la dawa.

Zeituni aliviweka mbali siku mbili. Siku ya tatu mumewe alirudi kutoka kazini midomo imekuwa rangi ya kijivu, akakaa kwenye mkeka akiwa ameshika magoti, anavuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kisimani, na bado magharibi ilikuwa mbali. Alfajiri iliyofuata, wakati wa kupika daku, Zeituni aliponda vidonge viwili kwa kitako cha kijiko, akavikoroga kwenye uji wa wimbi, akakamua ndimu ya kutosha na kuongeza sukari. Mbarak akanywa. Mchana ule akafunga bila taabu. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yake ya kila daku. Alijiambia kwamba dawa ikimezwa kabla ya adhana haiharibu funga ya mtu, na katika hilo hakukosea. Kilichoharibika kilikuwa kitu kingine, ila hakukiona wakati huo.

Mbarak alinenepa uso. Alianza kwenda tarawehe na kurudi akiwa anaongea. Alimwambia mama yake kwamba kila akisujudu anahisi mbavu zinafunguka zenyewe, na Bi Zamzam akainua mikono juu, akaanza tena kwenda kufuturu kwa majirani. Zeituni alikuwa akisikiliza haya huku anapepeta unga. Alikuwa na furaha, tena furaha ya kweli, ya mtu aliyempa mwenzake zawadi na hataki kutajwa.

Sista Benta alipokuja kutangaza siku ya mbio alisema wazi kwamba kuanzia jioni ya kuamkia siku hiyo hakuna kidonge wala dawa ya kuvuta, kifua kije kitupu. Zeituni alisikia na akakubali. Usiku wa kuamkia mbio alificha chupa juu ya kabati ili hata mkono wake usiikumbuke. Lakini wakati wa daku Mbarak aliamka amebanwa. Alikaa kitandani, mabega yanapanda na kushuka, akasema kwa vipande vipande kwamba ni vumbi la jana tu. Zeituni aliwaza njia ya kwenda hospitali. Aliwaza mwanamume huyu akikimbizwa juani na kifua hiki. Akamkumbuka yule msagaji aliyekufa. Akapanda kwenye kiti, akateremsha chupa, akatoa kimoja. Kimoja tu, badala ya viwili, cha kumfikisha mlangoni. Alijiambia kwamba mpaka saa tatu kitakuwa kimekwisha, na hata kama hakijaisha, kifua kama kile hakiwezi kudanganya watu wasomi kwa sababu ya kidonge kimoja.

*

Benta alimwuliza kila mmoja swali lile lile kabla ya kumtoa nje. Alipofika kwa Mbarak alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Umekunywa dawa yoyote tangu jana jioni, mzee?"

"Sista, mimi sijagusa dawa tangu mwezi uandame," Mbarak alisema, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani.

Opiyo, mwenzake wa mashine ya jirani, alipiga mluzi wa kumsifu. Benta akamgeukia Zeituni pale mlangoni.

"Mama, ni kweli?"

Huo ndio ulikuwa wakati wake. Zeituni aliutambua, hata baadaye hakuwahi kujidanganya kwamba hakuutambua. Alimtazama mumewe ameinua kidevu mbele ya wanaume wa kiwanda kizima. Akaona kwamba kusema neno moja ni kumvua nguo hapo hapo, mbele ya Opiyo na kila mtu, na jioni mtaa wote ungejua kwamba funga ya Mbarak ilikuwa inapikwa na mkewe.

"Ni kweli," alisema.

Wakatolewa nje mmoja mmoja. Njia ya mbio ilitoka kwenye tangi la maji mpaka ua la nyuma na kurudi, na daktari mtafiti, kijana mrefu aliyeitwa Zadock, alikuwa akikimbia kando yao na saa mkononi. Opiyo alikimbia, akarudi, na alipokaa tu kifua kikaanza kulia. Mshale wa bomba ulishuka kila alipopuliza, mpaka akapewa dawa. Watu wa dirishani walikimbia na kupiga chafya, basi. Mbarak alisitasita mwanzoni, halafu miguu ikakubali. Alikimbia na kanzu imekunjwa kiunoni, na alipofika kwenye tangi mara ya mwisho alikuwa anacheka. Alipuliza. Alisubirishwa, akapuliza tena. Daktari Zadock aliutazama mshale, akamtazama mtu, akaagiza arudie, na mshale ukaenda pale pale.

"Mzee, hii ni kifua ya kijana," daktari alisema, akampiga begani.

Mbarak hakuwa ameambiwa na mtu msomi kwamba ana kitu chochote kizuri tangu azaliwe. Alisimama pale juani, jasho linamtiririka, akamtafuta mkewe kwa macho ili ahakikishe amesikia. Zeituni alitabasamu.

Maelezo walipewa ndani, na daktari alijitahidi kuyaleta karibu. Mvuke, alisema, ni mwepesi kushtuka. Hata mtu wa mafua ya mzio, asiye na pumu hata chembe, akiuvuta anaweza kubanwa. Mbio ni nzito kushtuka, lakini zikishtuka hazidanganyi, kwa sababu mwenye pumu halisi akisimama tu kifua hujifunga. Mbarak alibanwa na mvuke na hakubanwa na mbio, kwa hiyo mahali pake ni pamoja na watu wa mzio. Ashukuru.

Benta akamwonyesha benchi ya dirishani. Mbarak akahama kutoka ukutani, akaketi kati ya watu wa chafya, nao wakampa mikono.

*

Wiki hiyo hiyo nyapara wa kiwanda, Bwana Waliaula, alisoma majina uwanjani. Opiyo akapewa geti na kofia. Mbarak alitajwa miongoni mwa walio wazima. Zeituni alikuwa na tumaini moja dogo, kwamba mumewe angesononeka na kudai apimwe tena. Badala yake Mbarak alirudi na habari kwamba Waliaula amemwongeza mashine ya kuchekecha, ile yenye vumbi jepesi zaidi, kwa sababu mtu aliyethibitishwa na madaktari si wa kuachwa na mashine moja. Alisema hayo kama anayesimulia kupandishwa cheo. Kuhusu geti alisema ni kazi ya wagonjwa.

Bi Zamzam alikaanga kaimati akagawia nyumba zote za upande ule wa barabara. Mbio za Mbarak zilisimuliwa kila futari na kila mara zikawa ndefu kidogo. Mara daktari alishindwa kumfuata, mara ilibidi bomba libadilishwe kwa sababu alilipuliza mpaka mwisho. Watoto wa jirani wakawa wanamwita Bingwa. Yeye alicheka, akawarushia tende.

Zeituni alizidisha vidonge, kwa sababu mashine mbili si sawa na moja. Kisha vikaanza kukaribia kwisha, na kwa mara ya kwanza alijiuliza ni nini hasa anachokifanya. Alikuwa anampaka mtu nguvu za kuazima ili aende akasimame kwenye vumbi litakalomwua. Jambo hilo lilimjia akiwa anachota maji, akaketi juu ya mtungi wake foleni ikampita.

Alikwenda hospitali peke yake. Kwenye baraza aliambiwa asubiri na mtu aliyekuwa anafagia, akasubiri, akaambiwa asogeze miguu. Sista Benta alipomwona alimwita ndani. Zeituni alisema yote kwa mara moja, bila kupamba. Benta hakumkatiza. Alipomaliza, sista alifunga dirisha kwanza.

"Ulimpa saa ngapi?"

"Kabla ya adhana. Kimoja tu, sista. Nilijua saa tatu kitakuwa kimeisha."

"Mama, ile dawa inakaa kwa kifua mpaka mchana. Ndiyo maana alikimbia hivyo." Benta aliliacha dirisha, akaketi. "Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Daktari Zadock aliitwa. Hakukasirika, na Zeituni angependelea akasirike. Alisema watu wake wanafunga masanduku Alhamisi, mashine inaondoka na ndege ya mchana. Alimpa nafasi: Mbarak aje Alhamisi asubuhi na kifua kitupu, akimbie tena, na ikiwa ni pumu jina litabadilishwa na kiwanda kitaarifiwa siku hiyo hiyo. Lakini hawezi kumkimbiza mtu asiyejua kwa nini anakimbizwa. Mbarak lazima aambiwe, na aseme kwa mdomo wake kwamba mara ya kwanza alikuwa na dawa mwilini.

Zeituni akashukuru. Njiani kurudi Manyatta aliyapanga maneno na kuyapangua. Angempata mwongo hodari wa kumfundisha la kusema angemlipa, kwa sababu ukweli wenyewe haukuwa na mahali pa kuushikia.

*

Alimwambia Jumatano, baada ya futari, wakati Bi Zamzam alipokuwa amekwenda kuwasha taa ya baraza. Mbarak alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu."

"Kila daku?"

"Kila daku."

Zeituni akaharakisha. Alisema funga yake ni sahihi, dawa kabla ya alfajiri haina neno, na kama hataki kumwamini amwulize imamu. Alisema kuhusu Alhamisi, kuhusu daktari anayesubiri, kuhusu geti. Alisema asipokwenda kesho hakuna kesho nyingine. Alimwomba.

"Sijakuuliza funga," Mbarak alisema. Aliweka kikombe chini pole pole. "Nilikuwa nasujudu, Zeituni. Nilikuwa nalia pale msikitini namshukuru Mungu kwa kunifungulia kifua. Kumbe nilikuwa namshukuru kwa kijiko chako."

"Na hiyo dawa nani aliiweka duniani?"

"Hukuniambia. Ulikaa hapo unanitazama najisifu, watoto wananiita Bingwa, na hukuniambia."

Bi Zamzam alikuwa mlangoni na kiberiti mkononi. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi, lakini alikuwa amesikia vya kutosha. Alimwambia Zeituni kwamba amemfanya mwanawe kikaragosi ndani ya mwezi mtukufu. Kisha akasema kuanzia daku ya usiku huu atampikia mwanawe mwenyewe. Zeituni alimtazama mumewe akingoja akatae. Mbarak alikuwa anaokota makombo ya mkate kwenye mkeka, moja moja, anayaweka kiganjani.

*

Zeituni alisikia daku ikipikwa na hakuitwa. Alisikia kifua cha mumewe kikipiga filimbi ukutani, upande wa pili, maana Mbarak alikuwa amelala chumbani kwa mama yake. Kulipopambazuka alijifunga leso, akatoka barazani akidhani watafuatana. Mbarak alikuwa amevaa ovaroli ya kiwanda.

"Hospitali ni huku," Zeituni alisema, kama vile mtu aliyeishi Kisumu maisha yake yote angeweza kuipotea.

"Nikaseme nini huko? Nisimame mbele ya Opiyo na sista niseme nilikuwa nanyweshwa kama mtoto?" Alivuta pumzi katikati. "Nilikimbia. Kama ni dawa au si dawa, miguu ilikuwa yangu. Nitakwenda kazini na kifua changu, kitupu, na jioni nitarudi. Ndipo utajua."

Alikwenda. Zeituni alimfuata mpaka barabara ya lami, akimwita kwa sauti ya chini ili watu wasisikie. Hata wakati huo alikuwa analinda jina lake. Alipoona hageuki, akakata njia kwenda hospitali peke yake, bila kujua anakwenda kufanya nini huko.

Benchi zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zote mbili upande mmoja. Wanaume wawili walikuwa wanafunga mashine ya mvuke kwenye blanketi. Benta alimwona amekuja bila mtu, akaelewa, akamwomba daktari wangoje kidogo. Daktari alitazama saa, akangoja. Alingoja kwa uungwana hadi saa nne, akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Nzi wa ziwani, wale sami wanaokuja kwa mawingu, walikuwa wameingia wanajigonga kwenye kioo cha dirisha.

"Basi tutamwondoa," alisema mwishowe. "Kwa heshima ya kazi. Matokeo yake hatuwezi kuyatumia. Hatakuwa kwa pumu na hatakuwa kwa mzio."

Zeituni aliuliza kiwanda kitaambiwa nini. Daktari akasema kiwanda hakitaambiwa kitu, kwa kuwa hana kitu cha kukiambia bila kipimo. Alisema anasikitika, na alisikitika kweli, ilionekana usoni. Sanduku likabebwa, mlango ukafungwa, na Benta akabaki naye kwenye baraza, amemshika mkono.

Walikuwa bado hapo mkokoteni wa kiwanda ulipoingia getini. Opiyo alikuwa anausukuma na kofia yake ya ulinzi kichwani, anahema, kifua chake mwenyewe kinapiga filimbi. Mbarak alikuwa amelazwa juu ya magunia, mweupe kwa unga wa omena kuanzia nywele mpaka kope. Opiyo alisema ameanguka kwenye mashine ya kuchekecha, na hakuna aliyemsaidia upesi kwa sababu kila mtu alidhani ameinama kuokota kitu. Mbarak, yule mzima aliyethibitishwa, nani angefikiri ni kifua?

*

Hakufa. Wako watu ambao wangesema hiyo ndiyo rehema ya kisa hiki, na Zeituni hawakatalii. Benta na wenzake walimrudishia pumzi. Imamu mwenyewe alikuja wodini akamwambia avute dawa na ale mchana, asijitese, na Mbarak akatii kila alichoambiwa kwa upole ambao haukuwa wake. Idd ilimkuta hapo.

Mbarak alipopata nguvu, Zeituni alikwenda kiwandani kumwombea kazi. Bwana Waliaula hakumkaribisha ndani. Walizungumza getini, Opiyo akitazama chini. Waliaula alisema yeye binafsi anamheshimu Bwana Mbarak, lakini tajiri ameshasikia.

"Daktari alisema kifua yake ni mzuri, mama. Alikimbia kuliko wote, hata mimi niliambiwa. Sasa hii ni ugonjwa gani? Tajiri anaogopa ni kifua kikuu, itaingia kwa chakula ya kuku."

Zeituni alisema ni pumu. Waliaula akauliza nani amesema. Zeituni akawataja madaktari, akakumbuka madaktari hawapo, akamtaja Sista Benta. Waliaula akasema sista ni mtu mzuri lakini tajiri alikubaliana na watafiti, na watafiti walisema hana. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alimwambia Opiyo ampe mama fungu la omena aende nalo. Zeituni alilipokea. Aliona haya kulipokea na aliona njaa ya nyumbani, na njaa ikashinda.

Dawa ya kuvuta aliyopewa wodini iliisha mvua za masika zilipokuwa zinaanza. Ya pili hawakuweza kuinunua. Zeituni akaanza kuosha nguo za watu kule Nyamasaria, anarudi vidole vimekunjamana. Watoto wa jirani waliacha kumwita Mbarak Bingwa bila kukatazwa na mtu. Anakaa barazani mchana kutwa, na vumbi la barabara likipanda anaingia ndani. Bi Zamzam amezeeka ghafla, macho yamepungua, na moto wa jikoni umemrudia Zeituni tena, maana hakuna mwingine wa kupika.

Mbarak haongei juu ya vidonge. Hajawahi kumtukana wala kumpiga, na wageni wakija humwita mama wa nyumba kwa adabu. Lakini asubuhi moja, siku chache baada ya kutoka hospitali, Zeituni alimpelekea uji wa wimbi wenye ndimu. Mbarak alilishika bakuli, akaliangalia kwa muda, akamrudishia.

"Umeweka nini?" aliuliza.

"Sijaweka kitu."

Akaendelea kumwangalia, si kwa chuki, kwa namna ya mtu anayesubiri chenji yake. Zeituni akachukua kijiko, akaonja mbele yake, akameza. Ndipo mumewe akapokea na kunywa.

Imekuwa hivyo kila siku. Kuna asubuhi ambazo filimbi ya kifua inasikika mpaka jikoni, na Zeituni anakoroga sufuria akijua kwamba kidonge kimoja kingemsaidia apite mchana. Angeiba ili akipate. Angemwambia waziwazi, angempigia magoti ameze. Alishajaribu, na Mbarak alikiangalia kidonge kiganjani mwake akakirudisha, akasema kifua chake anakijua mwenyewe. Basi anapakua, anabeba bakuli kwa mikono miwili, anapiga goti mbele ya mkeka. Mbarak anauliza umeweka nini. Zeituni anaonja. Ni uji mtupu.